Mfungo wa Macho na Vidole

Juma hili tumeona vema tutafakari pamoja juu ya jambo lililoingia nyumbani mwetu bila kubisha hodi, nalo limekwisha kukaa katika kiti cha mgeni wa heshima. Jambo hilo ni simu ya mkononi, pamoja na mitandao ya kijamii iliyomo ndani yake. Hatuandiki kwa nia ya kuilaani simu. Wengi wenu mnausoma ukurasa huu kwa simu hiyo hiyo, na sisi twafurahi kwamba neno letu linawafikia popote mlipo. Twaandika kwa sababu wazazi wengi wamekuwa wakituuliza la kufanya, na kwa sababu katika Kwaresima ya mwaka 2025 jumuiya moja ya parokia yetu ilijaribu jambo ambalo twaona linafaa lisikiwe na jumuiya nyingine.

Kwanza hatuna budi kujiuliza: kwa nini ni vigumu kuiweka simu chini? Wengi husema ni utovu wa nidhamu, hasa wanapowasema vijana. Jibu hilo ni fupi mno. Zamani mazungumzo yetu yote yalikuwa na mwisho wake. Mafuta ya taa yalikwisha, moto ulififia, mgeni aliaga na kusindikizwa hadi njia panda. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho, na redio ilikuwa na saa yake ya kufunga matangazo. Mwaka 2006 mbunifu mmoja Mmarekani, Aza Raskin, alitengeneza namna ya kurasa za intaneti zisizo na mwisho: msomaji anapofika chini, habari nyingine zinakuwa zimekwisha kujipanga zenyewe zikimngoja. Baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anayajutia matokeo ya kazi hiyo. Mwaka 2009 Facebook ikaweka kitufe cha kupenda, na tangu hapo mtu akiweka picha yake hurudi mara kwa mara kuhesabu ni wangapi wameipenda. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni hiyo, alieleza mbele ya watu kwamba tangu mwanzo waanzilishi walijiuliza namna ya kuchukua sehemu kubwa iwezekanavyo ya muda na usikivu wa watumiaji.

Mvuvi anayevuta nyavu usiku hajui kama atapata samaki au magugu, na ndiyo sababu hawezi kuondoka kabla ya kuvuta mara moja zaidi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliliona jambo hilo hilo kwa njiwa na panya katika karne iliyopita: tuzo inayokuja bila kutabirika humshikilia kiumbe kuliko tuzo inayokuja kila mara. Kamari hufanya kazi kwa njia hiyo, na simu pia. Mara nyingi tunapoifungua hatukuti kitu cha maana. Lakini mara moja moja tunakuta salamu ya rafiki wa zamani, au habari ya kuchekesha, na hiyo moja inatosha kuturudisha mara kumi nyingine. Basi anayeshindwa kuiweka simu chini asidharauliwe kana kwamba ni mpumbavu. Anashindana na kazi ya watu wenye akili nyingi, wanaolipwa vizuri ili ashindwe.

Hata hivyo, udhaifu ambao simu inautumia si mgeni kwetu wanadamu. Evagrius wa Ponto, mmonaki aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, aliandika juu ya jaribu lililowapata wamonaki saa za mchana, ambalo mababa wa Kanisa waliliita uvivu wa kiroho. Anaeleza jinsi mmonaki anavyoliona jua kana kwamba limesimama na siku imekuwa ndefu kupita kiasi. Macho yake yanakimbilia dirishani. Anatoka nje kutazama kama saa ya kula imekaribia, anageuka huku na huku kuona kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Polepole anaanza kupachukia mahali alipo, kuichukia kazi ya mikono yake, na kudhani ya kuwa upendo umekwisha kati ya ndugu zake. Mmonaki yule hakuwa na simu, lakini ni nani kati yetu asiyejitambua katika habari hiyo? Dawa waliyoitoa mababa hao ilikuwa ngumu na nyepesi kwa pamoja: baki katika chumba chako. Kaa mahali ulipo, na watu ulio nao, na kazi uliyopewa.

Tukirudi hapa kwetu, tumeyaona mambo kadhaa katika utume wa kila juma. Tumeingia katika nyumba za wagonjwa, tukamkuta mgonjwa amezungukwa na jamaa watano, na wote watano wameinamisha vichwa. Mtu angedhani wanasali. Tumekaa na watoto wa mafundisho ya Kipaimara, tukaona wanavyosinzia asubuhi ya Jumamosi, na walipoulizwa kwa upole walisema kwamba walilala saa nane za usiku. Tumewasikiliza wanandoa wanaokaa chumba kimoja na kitanda kimoja, ambao kila mmoja anajua yaliyompata mtu wa mbali asiyemfahamu, asijue kwamba mwenzake amekuwa na maumivu ya mgongo tangu Jumatatu. Hakuna dhambi kubwa ya kutangazwa katika mambo haya. Kuna upungufu wa kuwepo tu, na huo hauonekani haraka.

Ndivyo ilivyokuwa hata tulipofika Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi 2025. Katika mojawapo ya Jumuiya Ndogo Ndogo za parokia yetu, vijana wa VIWAWA walitoa pendekezo kwamba safari hii, pamoja na kufunga chakula, jumuiya nzima ifunge mitandao. Walikumbusha kwamba Baba Mtakatifu Fransisko, katika katekesi yake ya Jumatano ya Majivu ya mwaka 2020, aliwaalika waamini wazime televisheni na kufungua Biblia, wajitenge kidogo na simu ili waunganike na Injili. Pendekezo la vijana lilikuwa kali: simu zote zizimwe tangu saa kumi na mbili jioni hadi alfajiri, siku zote arobaini, kila nyumba, bila kubagua. Wengi walipiga makofi. Tulikuwapo, nasi tulisikiliza bila kutia neno, kwa maana uamuzi ulikuwa wa jumuiya.

Ndipo akasimama mama mmoja mjane, ambaye kwa kawaida huketi karibu na mlango na hasemi mengi.

“Baba Paroko, Mwenyekiti, nanyi wana jumuiya, mnisamehe,” alisema. “Binti yangu yuko Muscat, anafanya kazi za ndani, mwaka wa pili huu. Kazi yake inakwisha saa tano za usiku za kwao, huku kwetu ni saa nne. Hapo ndipo ananitumia sauti yake. Siku nyingine ni maneno matatu tu: Mama, nimelala salama. Nikizima simu siku arobaini, yeye huko atalala na nani?”

Nyumba ilinyamaza. Kijana aliyetoa pendekezo aliinamisha kichwa, kisha akasema kwa adabu, “Mama, hilo hatukuliona. Tusaidie tulipange vizuri.”

Mazungumzo yaliyofuata yalichukua karibu saa nzima, nayo yalikuwa na faida kuliko mahubiri mengi. Mzee mmoja aliuliza kama basi kila mtu atapata sababu yake ya kutofunga, kwa kuwa nani asiye na jamaa wa mbali? Swali lake lilikuwa la haki. Katekista alijibu kwamba itupasa tutenganishe simu inayomleta mtu na simu inayoleta umati. Sauti ya binti kwa mama yake ni mtu. Anajulikana jina lake, anangoja jibu, na akinyamaza tutaona pengo. Lakini video mia moja zinazopita mbele ya macho usiku mmoja ni umati. Hakuna hata mmoja kati yao anayetujua, wala hakuna atakayeona pengo tukiondoka. Mfungo, alisema, uwe wa umati, usiwe wa mtu.

Jumuiya ikakubaliana mambo matatu. Kwanza, kila nyumba iweke kikapu karibu na mlango, na baada ya sala ya jioni simu zote ziwekwe humo hadi asubuhi. Simu ikiita, mwenyewe aipokee, lakini akiwa amesimama pale pale mlangoni, kisha airudishe. Pili, mezani pasiwe na simu, ya mzazi wala ya mtoto. Tatu, fedha ambazo mtu angenunulia kifurushi cha intaneti cha kupitishia muda aziweke katika bahasha ya sadaka ya Kwaresima. Yule mama alibaki na simu yake kando ya kitanda, kwa baraka za jumuiya yote.

Tusiwadanganye, juma la kwanza lilikuwa gumu. Watu walitusimulia kwa kicheko kwamba mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe, ukakuta mfuko mtupu, ukarudi. Baba mmoja alisema aliingia chooni bila simu, akagundua kwamba ukutani kuna ufa wa siku nyingi. Wengine waliacha kabisa juma la pili, nao hawakusutwa. Mzazi mmoja alikiri kwamba watoto waliutii mfungo kuliko yeye. Lakini kufikia juma la tatu tulianza kusikia habari nyingine. Watu walikuwa wanalala mapema. Mvulana wa kidato cha pili alimwomba baba yake amfundishe kucheza bao, na baba huyo, dereva wa lori ambaye hukaa nyumbani siku chache tu katika mwezi, alituambia kwamba katika usiku huo mmoja wa bao alisikia mambo ya shuleni ambayo hakuyasikia kwa mwaka mzima. Mtoto hakuwa ameyaficha. Alikuwa anangoja mtu aliyekaa bila haraka.

Wale wanaopenda kujua wataalamu wanasema nini, wapo waliolichunguza jambo hili. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi 143. Baadhi yao walipunguza Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao, kwa majuma 3. Upweke wao na dalili za sonona vikapungua kuliko kwa wenzao walioendelea kama kawaida. Mwaka 2020 wanauchumi wa Marekani walichapisha uchunguzi mwingine uliohusu watu zaidi ya 2,000, ambapo sehemu yao waliifunga Facebook kwa majuma 4 kabla ya uchaguzi wa mwaka 2018. Walipata kama saa moja ya ziada kila siku, wakaitumia zaidi pamoja na ndugu na marafiki, na hali yao ya moyo ikawa nzuri zaidi kidogo. Tumesema kidogo kwa makusudi. Watu hao hao walipungukiwa pia na habari za matukio. Kwa hiyo tusiahidiane kwamba kuacha mitandao kutaondoa huzuni zote. Kunatupatia saa moja, na saa hiyo yaweza kutumika vema au vibaya.

Katika juma la nne lilitokea jambo ambalo twaomba ruhusa ya kulisimulia, nasi tumepewa ruhusa hiyo na mwenyewe. Usiku mmoja, saa nne na nusu, ujumbe wa sauti ulimfikia yule mama kutoka Muscat. Binti hakusema kwamba amelala salama. Alikuwa anaumwa homa siku ya tatu, alikuwa anaogopa kumwambia mwajiri wake, na katikati ya maneno alilia. Mama alitoka nje akagonga nyumba ya jirani. Jirani alikuwa macho, akiongea na mkewe. Kikapu kilikuwa mlangoni. Jirani akamwita mwenyekiti, mwenyekiti akawaita wengine wawili watatu, na kabla ya saa tano kulikuwa na watu tisa katika sebule ya yule mama. Mmoja wao ni muuguzi wa zahanati. Yeye aliuliza maswali kwa sauti, mama akayarekodi na kuyatuma, binti akajibu, muuguzi akamweleza dalili ambazo akiziona asingoje asubuhi, na akamsihi amwambie mwajiri wake usiku ule ule. Kisha wote tisa walisalimu mmoja mmoja kwa jina, wakasali fungu moja la Rozari, na sauti hiyo ikatumwa Muscat.

Asubuhi binti alijibu kwamba mwajiri alimpeleka hospitali na kwamba alikuwa anapewa dawa. Alisema pia kwamba aliisikiliza ile sauti ya watu tisa mara nyingi usiku kucha, na kwamba alikuwa amesahau kuwa jirani wa pili ana kikohozi cha namna ile. Alipona, ashukuriwe Mungu.

Tukitafakari usiku ule, twaona kwamba simu ilifanya kazi njema kabisa, tena kazi ambayo hakuna kitu kingine kingeweza kuifanya kwa umbali ule. Lakini twaona pia kwamba iliweza kuifanya kwa sababu simu nyingine zilikuwa zimenyamaza. Kama kila nyumba ingekuwa imejifungia na kioo chake, mama angegonga, na labda angefunguliwa. Lakini mtu aliyezama katika video ya arobaini huamka na nusu ya nafsi yake tu. Wale tisa walikuja wakiwa wazima.

Somo hilo lilitufaa tena muda si mrefu. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, habari za kifo cha Baba Mtakatifu Fransisko zilitufikia kwa simu kabla ya adhuhuri, na jioni ile ile tuliweza kukusanyika kumwombea. Tulishukuru kwa chombo hicho. Kisha kwa siku kadhaa makundi ya WhatsApp yalijaa tabiri za kubuni juu ya papa atakayefuata na picha za uongo, na wengine walikosa usingizi kwa ajili yake. Chombo ni kile kile. Kilichotofautiana ni kama sisi tulikiita kitusaidie, au chenyewe kilituita tukitumikie.

Basi kwa wale watakaopenda kujaribu, bila kungoja Kwaresima, twashauri machache. Nunua saa ya kengele, ili simu isiwe kisingizio cha kulala nayo, ichaji sebuleni. Zima arifa zote isipokuwa simu zinazopigwa na ujumbe wa watu wako wa karibu. Ondoka katika makundi ambayo hukumbuki kwa nini uliingia. Ukihofia kuonekana mwenye dharau, aga kwa maneno mazuri, kama mtu anavyoaga barazani. Kwa watoto wadogo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja au chini yake asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Twajua kwamba mama aliyechoka, mwenye sufuria motoni na mtoto analia, huona simu ni msaidizi wa bei nafuu. Hatumlaumu. Twawaomba wengine wa nyumba hiyo, akina baba, shangazi na ndugu wakubwa, wamshike mtoto.

Kwa wazazi wa vijana, twasema neno moja: msimnyang’anye mtoto simu huku yenu iko mkononi. Atajifunza kwamba simu ni haki ya wenye nguvu, atangoja naye awe na nguvu. Kikapu kiwe cha wote, na mzazi awe wa kwanza kutia yake. Na kama mtoto, au mtu mzima yeyote, amejitenga na watu kwa muda mrefu, hali vizuri, hapati usingizi, au anasema maneno ya kukata tamaa, msidhani kwamba kuondoa simu kunatosha. Mpelekeni kwa mganga hospitalini, na milango ya parokia iko wazi pia.

La mwisho ni hili: saa itakayopatikana isiachwe tupu. Nyumba iliyofagiwa na kuachwa bila mtu huingiliwa tena upesi. Amueni kabla: jioni hii tutamtembelea mgonjwa fulani, jioni hii babu atatusimulia, jioni hii tutakaa tu. Kukaa tu si kupoteza muda. Mtu hujifunza humo kusikia yaliyo rohoni mwake, na akiisha kuyasikia huwa na la kumwambia Mungu anaposali.

Jumuiya ile bado inaweka vikapu mlangoni siku za Ijumaa. Binti wa Muscat angali kazini huko, na ameomba kila Ijumaa atumiwe sauti za watu wakisalimu, hata kama hawana habari yoyote mpya. Wanamtumia.

Tuwaombee wote walio mbali na nyumbani, na wote walio nyumbani ambao wako mbali. Tukutane juma lijalo, Mungu akitujalia.

Tumsifu Yesu Kristo!